Futi Haina Adabu

Katika ukoo wetu hakuna mtu mnene. Wapo wenye mifupa mikubwa, wapo waliojaaliwa, wapo waliovimba kidogo kwa joto la Dar es Salaam, na wapo ambao dawa za presha ndizo zilizowafanya wawe hivyo. Mnene hayupo. Jambo hili lisingenihusu kama si kwamba mimi ndiye ninayewashonea nguo, na mkononi ninayo futi.

Futi yangu ni ya kawaida, ile ya plastiki inayouzwa na machinga pamoja na sindano, uzi na vifungo: upande mmoja inchi 60, upande wa pili sentimita 150. Haijui nani ni shangazi wala nani ni mkwe. Ukiizungusha kiunoni inakutana pale inapokutana, na hapo ndipo maneno yanapoanza. Mtu mzima akipimwa hubana pumzi. Akiona pumzi haikusaidia, huishika futi mwenyewe na kuivuta mpaka nyama inagawanyika, nusu juu, nusu chini. Nguo haivutwi namna hiyo, lakini utamwambiaje mtu aliyekuja na mfuko wa machungwa ya Muheza?

"Andika thelathini na nane," shangazi yangu wa Tanga husema.

"Shangazi, hapa inaonyesha arobaini na nne."

"Hizo futi za siku hizi hizo, mwanangu. Andika thelathini na nane. Tangu naolewa ni thelathini na nane."

Naandika thelathini na nane. Daftari langu la vipimo lina safu mbili: ya kushoto ni ya mwenye mwili, ya kulia ni ya futi, na hiyo ya kulia naijaza mgeni akishavuka kizingiti. Nakata kwa safu ya kulia. Naongeza inchi mbili au tatu za kupumulia, maana kitenge hakivutiki, kisha namfikiria shangazi mbele ya pilau na naongeza nyingine. Gauni likiisha, analivaa, anajigeuza mbele ya kioo cha kabati, anajipigapiga ubavuni.

"Unaona? Thelathini na nane."

Nasema naona.

Tungeendelea hivyo kwa amani, lakini mdogo wangu akaamua kuoa, na familia ikaamua kuvaa sare. Mtu ambaye hajawahi kuvalisha ukoo mzima kitambaa kimoja anaweza kudhani ni jambo la kupendeza. Kinachopendeza ni zile picha za ukumbini. Kabla ya picha kuna kundi la WhatsApp. Ndani ya kundi kuna kamati ya mavazi, ndani ya kamati kuna wifi yangu, na ndani ya simu ya wifi yangu kuna mishono ya Kinijeria isiyopungua simu nzima.

Mshono uliopita ulikuwa wa dada mmoja mrefu, mwembamba, kiuno cha kushikika kwa viganja viwili. Gauni limembana kuanzia kifuani mpaka magotini, kisha chini likaachia mkia wa samaki. Wanawake wote wa ukoo wakajibu kwa neno moja: "Hilo hilo." Nikawakumbusha kwamba picha ya mshono haina mgongo. Mpiga picha yule hakutuonyesha nyuma, ambako huenda kuna pini dazeni nzima zinazofanya kazi ya mshono. Nikawakumbusha pia kwamba dada yule amesimama tu. Hapandi daladala, hachuchumai, habebi mtoto. Wifi akanijibu kwa kunitumia picha ile ile mara ya pili, akiwa ameivuta karibu.

Kwa ndugu wa mikoani ilibidi vipimo vije kwa simu. Binamu mmoja akaniandikia: kifua 42, kiuno 34, mkono 58. Kama mkono huo ni wa inchi, basi binamu yangu anachuma maembe bila ngazi. Nilipouliza, ikabainika kwamba mtoto aliyempima aligeuza futi katikati ya kazi, kifua akakisoma kwa inchi na mkono kwa sentimita. Baba mdogo hakutuma kipimo chochote, alituma neno "XL". Dada mmoja wa Mwanza akaniambia nimkadirie tu, maana tulionana Idi. Idi ipi, hakusema.

Vitambaa tunanunua Kariakoo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliweka pale wapagazi wa jeshi lao, na upagazi wenyewe haujaisha, isipokuwa siku hizi tunajilipia nauli. Ukiingia Mtaa wa Kongo asubuhi unatembea. Ikifika saa tano hutembei tena, unapelekwa. Mkoba unakaa mbele, simu inakaa ndani ya nguo, na masikio unayaacha wazi ili ujue umri wako. Muuzaji akikuona kwa mbali unaitwa dada. Ukiuliza bei unakuwa anti. Ukisema bei ni kubwa unakuwa mama, na ukitaja unayotaka kutoa unakuwa bibi. Mimi nimeshaingia dukani nikiwa dada mzuri nikatoka bibi, na kitambaa sikununua.

Shida kubwa ya Kariakoo, kwa mtu anayeishi kwa futi, ni kwamba duka hili linauza kwa yadi, la jirani kwa mita, la tatu kwa kipande, na wote wanasema "sita" kwa sauti moja. Yadi ni sentimita 91 na nusu hivi. Ukinunua yadi sita ukidhani ni mita sita, umepungukiwa na nusu mita na kidogo. Kwenye karatasi ni pengo dogo. Mezani, mkasi ukiwa mkononi, ni mikono yote miwili ya gauni la mtoto wa miaka saba, naye mtoto huyo ameshaambiwa kwamba gauni lake lina mikono ya kuvimba.

Halafu kuna dole gumba. Wauzaji wengi hupimia kijiti cha mbao cha yadi ambacho ncha zake zimelika kwa miaka ya kazi. Mkono wa kushoto unashika kitambaa penye ncha, wa kulia unakinyoosha mpaka ncha ya pili, dole gumba linaweka alama, kitambaa kinavutwa, kazi inaanza upya. Liangalie dole gumba. Katika ile safari yake ya kurudi mwanzo wa kijiti huteleza mbele kidogo, upana wa kucha tu, huku mwenyewe akikuuliza habari za watoto. Habari za watoto nazijibu nikiwa nimekodolea macho kidole chake. Kama kitambaa ni cha kuvutika, kile cha leginzi na magauni ya kubana, usijisumbue na kidole; hapo kinachovutwa ni yadi yenyewe, na ukifika nyumbani inajikunja kurudi kwao.

Mkishakubaliana, kijana anachanja pindo kwa mkasi, anashika pande mbili na kukichana kitambaa kwa pigo moja, praaa! Pamba iliyofumwa vizuri hupasuka ikifuata uzi, mstari umenyooka kushinda wa rula. Mlio huo naupenda kuliko sauti yoyote ya mjini, ingawa maana yake ni kwamba bei haijadiliki tena.

Mama yangu alinifundisha kununua kitambaa kwa kiberiti. Unachomoa uzi mmoja pembeni, unauchoma. Wa pamba unaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini yanayopeperuka. Wa plastiki unayeyuka, unanuka, na unaacha kigololi kigumu cheusi. Ni kipimo kizuri, chenye kasoro moja: mwenye duka haoni uzi, anaona mwanamke aliyesimama katikati ya majora ya vitambaa akiwasha njiti. Niliwahi kumwona mfanyabiashara mtu mzima akiruka kaunta. Baada ya kupuliza na kuapa na kuita vijana wake, alikubali kukitazama kile kigololi.

"Ulisema pamba tupu," mama akamwambia.

"Pamba, mama. Ila ni ya kisasa."

Pamba isiyo ya kisasa inalimwa Simiyu na Shinyanga, inafungwa marobota, na nyingi yake inauzwa nje ikiwa ghafi. Kisha tunakwenda kuipokea Mtaa wa Kongo ikiwa imerudi na maua. Mama bado anatunza kabatini khanga za kiwanda cha Urafiki cha Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina na kufunguliwa mwaka 1968. Huzitoa mbele ya wageni, huwapa wazishike, kisha huzirudisha kabla hawajaomba. Wax nayo ina ukoo mrefu. Wajava walichora kwa nta, Waholanzi wakaiga kwa mashine (Vlisco ilianzishwa Helmond mwaka 1846), wakaleta Afrika, Waafrika tukaifanya yetu, na sasa Wachina wanawaiga Waholanzi. Kwa hiyo muuzaji akikuapia kwamba kitenge chake ni orijino, una haki ya kumuuliza orijino ya nani. Mimi hukigeuza tu. Cha nta rangi zake hukolea nyuma sawasawa na mbele, na cha kupigwa chapa upande mmoja, nyuma hupauka. Halafu natoka nacho nje juani, kwa sababu taa za maduka yale zina uwezo wa kufanya kahawia iwe zambarau.

Kitenge cha sare tulichokipata kilikuwa cha bluu na machungwa, kizuri kweli, na muuzaji aliapa kwa wazazi wake wote wawili kwamba rangi haitoki. Nikawaambia ndugu: kila mtu aloweke kitambaa chake kabla ya kukileta. Kitambaa kipya kimejaa wanga, ndiyo maana kinasimama chenyewe dukani. Wanga ukitoka ndipo unaijua tabia yake, kama kinaruka, kama kinalegea, kama kinatoa rangi. Na pamba hurudi kidogo ikifuliwa, ni afadhali irudi ikiwa kwenye beseni kuliko irudi ikiwa mwilini. Maji yangu ya kwanza yalitoka bluu. Ya pili bluu. Nikatia chumvi kwa imani tu, ya tatu yakawa na aibu kidogo.

Wifi yangu hakuloweka. Alisema kitambaa kikishaloweshwa kinapoteza upya, na upya ndio aliolipia. Cha kwake hakukileta kwangu, alikipeleka kwa fundi wa mjini mwenye duka la vioo, gauni likatoka limesimama kweli kweli, ungeweza kuliacha peke yake likapokea wageni. Akalivaa kwenye kitchen party. Ukumbi ulikuwa na viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe, feni mbili, na wanawake wa koo mbili wakicheza. Jasho likafanya kazi iliyotakiwa kufanywa na beseni. Wifi ni mtu wa watu, hakai meza moja. Alimsalimia huyu, akakaa kidogo na yule, akasogea kwa wakwe. Saa nne usiku mwenye ukumbi alipowasha taa zote, safari yake nzima ilisomeka kwenye viti, duara la bluu baada ya duara la bluu, hadi kile kilichokuwa karibu na vyungu, ambacho alikataa katakata kwamba aliwahi kukikalia. Tulilipa hela ya dobi.

Shangazi naye alikuja na mkia wa samaki. Alinikalia kooni: gauni libane magotini kama kwenye picha, vinginevyo nimpe kitambaa chake ampelekee fundi anayejua. Nikabana. Ila nyuma, chini ya rinda moja, nikaficha mpasuo wenye zipu, kwa maana niliwaza mambo ambayo picha haikuyawaza. Sikumwambia, angeona namdharau. Jioni ya kitchen party nikamkuta kituoni Tandika, amependeza, amesimama mbele ya daladala wazi. Goti lake lilikuwa linapanda inchi sita, ngazi ya daladala inataka zaidi ya kumi. Alijaribu kwa mguu wa kulia. Alijaribu kwa wa kushoto. Akageuka akajaribu kinyumenyume, akishikilia mlango kwa mikono miwili, abiria wamenyamaza kwa heshima.

"Mama, tukubebe?" konda akauliza, bila utani hata kidogo.

"Unibebe una nini wewe? Nina mifupa mizito mimi."

Nikapita nyuma yake nikainama, nikavuta zipu. Shangazi alipanda gari kwa hatua moja kubwa, nusura ampite dereva. Mpaka leo anaamini kwamba gauni lilijifungua lenyewe, kwa neema.

Watoto ndio pekee wanaopimika bila ugomvi, na wao wana ugomvi wa aina nyingine: hawatulii ndani ya kipimo. Unampima Jumatatu, unakata Jumatano, umeme unakatika, pasi hakuna, mkwe anaumwa mnakwenda kumjulia hali, na ukirudi kwenye suruali mtoto ameshaondoka. Siku hizi naacha pindo la kutosha kufunguliwa mara kadhaa. Ubaya wake, pindo likifunguliwa, ule mstari wa mkunjo wa zamani haufutiki kwa maji wala kwa pasi. Suruali ya shule ya mwanangu ina mistari mitatu chini, walimu wamedhani ni mtindo.

Kuna watu huniuliza kwa nini nateseka na haya yote wakati mafundi wamejaa mitaani. Fundi ninamheshimu sana. Fundi wa mtaani kwetu alikuwa na mkono mzuri na kalenda mbaya. Kwake kila nguo ilikuwa "imebaki kuweka vifungo", hata ile ambayo bado ilikuwa kitambaa. Nilimvumilia. Nikavumilia pia kuambiwa kila mara kwamba kitenge hakikubaki hata kipande, kimeisha chote. Mpaka siku moja nilipokuwa nanunua dagaa, nikamwona mtoto wake mdogo amevaa kaptula ya kitenge changu, yenye mifuko miwili, na kiraka kizuri nyuma. Tulitazamana. Alikuwa amenyoosha mkono kuniamkia, nikaitikia. Wiki ile ile nikaanza kutafuta cherehani ya kukanyaga, ile nyeusi yenye meza na droo, isiyojua mgao wa umeme.

Kitu ambacho sina mpaka leo ni ovaloki. Nguo ikishaunganishwa naipeleka kwa kijana wa barabara ya pili, anaipitisha ubavuni, kwenye mabega na mikono, kisu cha mashine kinakata ziada na nyuzi zinafunga kingo. Inatoka safi. Ila ikishatoka huko, ubavu umefungwa; kuufumua ule mshono, kuupunguza na kuurudisha tena kwa kijana ni kazi inayoweza kuvunja ndoa.

Na hapo tumefika kwa baba watoto.

Baba watoto alikataa sare. Alisema maua ya machungwa hayavai. Yeye ndiye aliyekuwa mweka hazina wa kamati ya harusi. Kwetu kazi hiyo hupewa shemeji, kwa sababu shemeji akila hela za harusi mnajua mkewe anapatikana wapi. Alitaka shati la heshima la kuvaa kwenye kikao cha mwisho. Ndani kulikuwa na doti ya khanga nyeusi na nyeupe niliyopewa na mama yake, yenye maneno SINA HILA NINA JIBU. Kila khanga anayonipa mama mkwe huwa naisoma mara mbili, na hii niliisoma mara nyingi zaidi. Nikaona njia salama ni imfunike mwanawe mwenyewe.

Nikampima. Alisema kifua chake ni arobaini. Futi ikasema arobaini na nne. Safu ya kushoto, safu ya kulia, tumeshazoea.

Shati lile nalisifu mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine aliyelisifu. Pindo la khanga lilikaa chini kuzunguka shati zima. Mbele nikakata vipande viwili kutoka khanga moja, nikavipanga ili ukifunga vifungo maneno yakutane sawasawa tumboni, SINA HILA upande huu, NINA JIBU upande ule, mstari haujapanda wala haujashuka. Mgongo nikautoa kwenye khanga ya pili, maneno yote yakiwa mazima katikati. Mwenye kujua kazi anajua kwamba kulinganisha maneno ya khanga kwenye mkanda wa vifungo si mchezo. Nikapeleka ovaloki, likarudi, akalijaribu.

"Mbona pana hivi?"

"Si pana. Ni nafasi."

"Nafasi gani? Mimi si arobaini? Hili la arobaini na ngapi?"

Daftari lilikuwa juu ya meza, limefungwa. Safu ya kulia haijawahi kuonwa na mtu, na kikao kilikuwa jioni ile.

"Litakuwa limezidi kidogo," nikasema.

"Lipunguze."

Ubavu ulishafungwa. Mahali pekee palipobaki pa kupunguza ni mbele, kwenye mkanda wa vifungo. Nikakunja inchi mbili kwa ndani upande huu, inchi mbili upande ule, nikashona, nikahamisha vifungo. Herufi za khanga si kubwa. Wakati nalipiga pasi nikaona inchi zangu za upande mmoja zimekwenda na HILA, za upande wa pili zimekwenda na NINA. Kilichobaki tumboni, kwa herufi nyeusi zilizolingana vizuri mno, ni SINA JIBU.

Nilitaka kusema. Lakini alikuwa ameshasimama mlangoni na fulana, anatazama saa, ananiuliza kama kunyoosha shati ni kazi ya mwezi mzima. Nikampa. Akalivaa, akavuta pumzi ndani, akafunga vifungo vyote. Akasema, "Sasa hili ndilo arobaini."

Kikao kilikuwa uani kwa kaka yangu mkubwa, viti vya plastiki chini ya mwembe, soda na bisi. Mwenyekiti akafungua kwa sala, katibu akasoma mihtasari, tukafika kwenye fedha. Ahadi zilikuwa nyingi, hela iliyokuwepo ilikuwa kidogo, na aliyetakiwa kueleza ni mmoja.

"Mheshimiwa mweka hazina," mwenyekiti akasema, "ahadi jumla yake ni hiyo, mkononi tuna hiki. Tofauti iko wapi?"

Baba watoto akasimama. Akalivuta shati chini likanyooka vizuri.

Tuna mjomba ambaye husoma kwa sauti chochote kilichoandikwa, mabango ya barabarani, maboksi ya sabuni, majina ya mabasi. Alikuwa amekaa mstari wa mbele.

"Sina. Jibu," mjomba akasoma.

Kilichofuata mwembeni kilisikika mpaka barabarani. Baba watoto hakuelewa. Alidhani wanacheka hesabu, akainua mkono na kuomba utulivu.

"Ndugu wajumbe, msicheke. Jibu ninalo!"

Ndipo walipoinuka wengine kwenye viti. Mwenyekiti aligonga meza kwa chupa ya soda mpaka ikafurika. Kaka yangu alikuwa ameshika shina la mwembe. Mimi nilikuwa najishughulisha sana na bisi. Baba watoto, uso umemwiva, akaamua kuwaonyesha maandishi. Kaunta buku lake lilikuwa dirishani nyuma yake, lenye orodha ya kila mtu aliyeahidi na hajatoa. Akageuka kulichukua, mgongo wote ukatuelekea.

"Sina hila," mjomba akasoma taratibu, mara hii akisimama kabisa ili aone vizuri. "Nina jibu."

"Hoja, mwenyekiti!" akapaza sauti binamu yangu wa viti vya nyuma, ambaye ahadi yake peke yake ilikuwa robo ya ile tofauti. "Naomba taarifa ya fedha itolewe akiwa amegeuka hivyo hivyo."

Hoja ikaungwa mkono.